Tulivyokwenda Kukagua Kwao Mwinjuma

Mwinjuma muuza kahawa alisikika kabla hajaonekana. Mkono wa kushoto alibeba dele, na chini ya dele jiko dogo la makaa. Mkono wa kulia alishika vikombe viwili visivyo na masikio akivigonganisha, kichi kichi, kichi kichi, toka Keko mpaka kwetu Temeke. Akikaribia, watu barazani walikuwa wameshasogeleana kumwachia nafasi, maana kahawa yake haikunyweka ukiwa umesimama. Ukinunua kikombe ulipewa pamoja na kisiwa.

"Kwetu," alikuwaga akisema huku anamimina, "mlima unaanzia pale pale bahari inapoishia. Mtu unatoka majini, unafuta miguu, unapanda mlima."

Juu ya mlima huo, alisema, kuna baridi mpaka kuku wanafunikwa blanketi. Kiunoni mwa mlima kuna mashamba ya kahawa, na chini yake kuna pwani ambayo haijakanyagwa tangu Mungu aimwage. Jina la kisiwa ni Mbambakofi.

"Kama haijakanyagwa," baba yangu alimuuliza siku moja bila kuinua macho kwenye cherehani, "nyie mlikuwa mnapita wapi?"

"Pembeni," alisema Mwinjuma.

Baba yangu ni Bakari, fundi wa kanzu. Cherehani yake ilikaa barazani, na uani nyuma yake alikaanga vitumbua shangazi yangu Mwajabu, aliyerudi kwa kaka yake baada ya kufiwa na mumewe. Moshi wa vitumbua ulipita mlangoni ukaingia kwenye kanzu, na wateja wa baba walilalamika kwamba wakizivaa kwenda msikitini paka wanawafuata. Baba hakuweza kumfukuza dada yake, na paka nao walimshinda.

Mwinjuma alikuwa mrefu, mkavu, kanzu yake imetobolewa na cheche za jiko. Baba aliitia viraka, na viraka navyo vikatobolewa. Umri wake hakuna aliyeujua, wala ukoo wake, wala alikolala kabla hajahamia chumba cha uani kwa Mmanyema mmoja karibu na soko. Kila jioni mzunguko wake uliishia kwetu. Kikombe cha mwisho, kile kizito ambacho tangawizi yote imetuama, hakukiuza. Alikipeleka uani kwa shangazi, naye shangazi akampa kitumbua. Walikula na kunywa bila kutazamana, mmoja kaelekea banda la kuku, mwingine kaelekea ukuta.

"Kule kwenu wanakula vitumbua?" shangazi alimuuliza.

"Hawavijui," alisema Mwinjuma. "Wanangoja."

Nadhani ni siku hiyo shangazi alipokata shauri, kwa sababu usiku alimwambia baba kwamba akija mchumba mwingine yeyote, amwambie kuna mwenye kichaa.

"Nani mwenye kichaa, wewe au mchumba?"

"Yeyote mtakayeafikiana."

Huo ulikuwa mwaka uliofuata Malkia kuvishwa taji. Madukani vilikuwa vimejaa vikombe vyenye picha yake, na Mwinjuma alivikataa kwa sababu vilikuwa na masikio. Mwaka huo huo chumba chetu cha mbele alipanga karani mmoja wa Kihaya, Bwana Revelian, mtu safi, suruali yake imepigwa pasi mpaka ukiigusa unaogopa. Yeye alizaliwa katikati ya kahawa huko Bukoba. Lakini barazani alikataa kikombe.

"Kwetu kahawa inatafunwa," alisema. "Nyie mnaichemsha, halafu kahawa yenyewe mnatupa, mnakunywa maji iliyoogea."

Watu walicheka, ila Mwinjuma hakukasirika. Aliona mtu wa kahawa ni jirani yake, ashikwe vizuri. Akamwambia, "Hata kwetu kisiwani mbuni ni wengi."

Bwana Revelian akainamisha kichwa kidogo. "Mbuni wengi, au mibuni mingi? Mibuni ni ile miti ya kahawa. Mbuni wengi ni wale ndege wakubwa wanaokimbia."

Mwinjuma alilitazama dele lake, akamtazama baba, akatazama mlango wa uani.

"Wote," alisema. "Miti na ndege."

Toka siku ile kisiwa kikawa na ndege. Kesho yake alituambia mayai yao yanatoshana na kichwa cha mtoto, na kwamba ndio wanaobeba magunia ya kahawa kuteremka mlimani. Ilionekana wazi kwamba hakulala.

Basi akaja kuposa. Posa huletwa na wazee. Yeye alikuja peke yake, kavaa koti la kuazima juu ya kanzu, akaliweka dele katikati ya baraza kama vile dele ndiye mshenga.

"Shemeji," alianza.

"Niite Bakari kwanza," alisema baba. "Wazee wako wako wapi?"

"Kisiwani."

"Waje, basi."

"Ni wazee mno, Bakari. Bahari hawaiwezi tena."

Baba alikata uzi kwa meno. "Sikiliza, Mwinjuma. Wewe mtu mzuri na kahawa yako nzuri. Lakini simtoi dada yangu kwa mtu ambaye akifa sijui nimpelekee nani habari. Kama wao hawawezi kuja, sie tutakwenda. Tukapaone kwenu. Tukiviona hivyo unavyovisema, mchukue. Tusipoviona, kahawa kauze mtaa mwingine."

Mwinjuma wakati huo alikuwa anamimina. Kikombe kilijaa, kikafurika, kahawa ikamteremkia vidole vya mguu, naye akaendelea kumimina huku anasema, "Karibuni. Karibuni sana."

Wiki nzima iliyofuata Temeke haikunywa kahawa. Mwinjuma hakuonekana. Watu walisema kakimbia, na shangazi alikaanga vitumbua vyeusi. Halafu akarudi, mikono imekwaruzwa na miba, na udongo kwenye kucha.

"Nilikwenda kuwaambia wazee kuwa mnakuja," alisema. "Wamefurahi."

Tulikwenda baba, shangazi, Bwana Revelian na mie. Bwana Revelian alichukuliwa kwa sababu ndiye peke yake Temeke nzima aliyewahi kuuona mti wa kahawa, na neno lake juu ya kahawa ndilo lingekuwa la mwisho. Baba alimwahidi hilo mbele ya watu. Shangazi hakualikwa. Alijifunga kanga mbili, akabeba beseni la vitumbua, akasema anayekwenda kuolewa huko ni yeye, si cherehani. Mie nilibebeshwa koti. Baba alikuwa ameazima koti zito la jeshi la Keya kwa jirani aliyepigana vita vya Bama, kwa ajili ya ile baridi ya mlimani. Lilikuwa zito kama mbuzi aliyelowa.

Tulivuka Kigamboni, tukapanda lori la mbata, tukala vumbi mpaka Kimbiji. Tulilala kwa ndugu za dereva. Asubuhi maji yalikuwa yamejaa, na Mwinjuma akatupeleka kwa mzee mmoja mwenye ngalawa.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza yule mzee.

"Mbambakofi," alisema baba, kwa sauti ya mtu anayeaga.

Mzee alimtazama Mwinjuma. Mwinjuma akaonyesha kwa kidevu.

"Aa," alisema mzee. "Kule."

"Kule wapi?"

"Kule ndiko Kule. Sie tunapaita hivyo, Kule."

"Kule ni jina la nyumbani," Mwinjuma alieleza upesi. "Mbambakofi ndilo la shule."

Bwana Revelian aliongeza kwamba kofi kwa Kizungu ni kahawa, kwa hiyo jina linaelekea. Baba akatikisa kichwa kukubali, na kichwa kilivyotikisika na ngalawa nayo ilivyotikisika, akainama ubavuni akatapika. Hakuwahi kupanda chombo kidogo maisha yake. Alitapika chakula cha jana, akatapika chai ya asubuhi, na kila alipopata nafasi aliuliza.

"Mbona mlima siuoni?"

"Asubuhi huwa mfupi," alisema Mwinjuma.

Mzee wa ngalawa alikohoa kwa muda mrefu.

Tulipofika, ngalawa ilikwaruza mchanga, na hapo pwani ilikuwepo kweli. Mchanga mweupe, hauna hata unyayo, na kaa wadogo wanakimbia ubavuubavu. Baba alisimama majini mpaka magotini, kakunja kanzu, hatoki.

"Nikanyage?" aliuliza.

"Kanyaga, shemeji."

"Niite Bakari kwanza." Akaweka mguu mmoja, akautoa, akaitazama ile alama. "Basi sasa imekanyagwa," alisema kwa huzuni kidogo.

Mbele yetu, kwenye maji ya kina kifupi, alisimama ndege mmoja mwembamba wa kijivu, mguu mmoja kaukunja. Alikuwa korongo. Hata mie ninajua korongo.

"Yule ndiye mbuni?" aliuliza baba.

Mwinjuma alimtazama yule ndege kama mtu anayeomba msaada. "Mtoto wake," alisema.

"Na mama yake?"

"Yuko kazini."

Shangazi alikuwa anafuta miguu kwa upindo wa kanga. Alifuta mmoja, akafuta wa pili, kama alivyosikia kwamba ndivyo inavyofanywa huko. Akasema, "Haya, twende mlimani."

Mlima ulikuwa mwamba wa matumbawe, umetokeza katikati ya vichaka, kimo chake labda paa la nyumba yetu na mnazi mchanga juu yake. Mwinjuma alitangulia. Aliupanda polepole sana, akisimama kila mara kugeuka na kuuliza kama hatujachoka. Baba, ambaye tumbo lilikuwa tupu na kichwa kinazunguka, alisema tupumzike katikati. Tukapumzika katikati. Kutoka pale niliweza kushika kilele kwa mkono.

Juu, jua lilikuwa linatuchoma kama linatudai. Baba alinyoosha mkono, nikampa koti. Alilivaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, jasho likamtiririka kwenye ndevu.

"Baba, baridi ipo?" nilimuuliza.

"Kwa mbali," alisema.

Nilimwelewa. Kulibeba lile koti toka Temeke halafu baridi isiwepo, hilo asingeweza kulisimulia barazani.

Kutoka kileleni tuliona kisiwa chote. Kulikuwa na pwani tuliyotoka, pwani ya upande wa pili, vichaka, korongo. Nyumba hakuna. Moshi hakuna.

"Wazee wako wapi?" aliuliza baba.

"Wamekwenda shamba."

"Shamba liko wapi?"

"Chini ya mlima, upande huu."

Tuliteremka. Mwinjuma alipita mbele akipinda matawi ya miba kwa mikono mitupu ili shangazi apite, na mikwaruzo yake ya zamani ikapata mipya. Nyuma ya mwamba palikuwa na mahali palipofyekwa, padogo kama uwanja wa kuchezea bao watu kumi. Palikuwa pamelimwa vizuri. Vituta vilipangwa mistari, na kila kituta kimechomekewa kijiti. Jani hata moja halikuwepo.

"Wazee wako wapi?" aliuliza baba tena.

"Wameshuka pwani."

"Sie tumetoka pwani."

"Ile nyingine."

Baba alifungua kifungo kimoja cha koti, akamgeukia mpangaji wake. "Bwana Revelian. Kazi yako."

Bwana Revelian alivuta suruali yake juu kidogo ili isikunjike, akachuchumaa, akafukua kituta kwa kidole. Alitoa buni moja. Aliipuliza, akaigeuza juani.

"Hii imekaangwa," alisema.

"Ndiyo," alisema Mwinjuma, na sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. "Kwetu zinapandwa zikiwa zimeshakaangwa. Ili zikizaa, zisisumbue watu."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa kaweka beseni chini na kaketi ukingoni mwa shamba, uso wake haunipi kitu. Baba naye alikuwa anapumua kwa pua. Nilijua kinachokuja, kwa sababu mdomo wake ulishafunguka na neno la kwanza lilikuwa "Mwinjuma," alilolisema taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata.

Mwinjuma hakumsubiri amalize. Mtu akibanwa, mikono yake inafanya ile kazi inayoijua. Dele hakuwa nalo, moto hakuwa nao, vikombe aliviacha Temeke. Alitia mkono mfukoni, akatoa konzi ya buni za kukaanga, zile zile zilizobaki alipopanda, akazishika kwa mikono miwili, akainama mbele ya Bwana Revelian.

"Hata maji sijawapa," alisema. "Tafuna, bwana. Ndizo nilizo nazo."

Bwana Revelian alipangusa udongo kidoleni. Alisimama. Alivua kofia yake, akaibana kwapani, akapokea buni kwa mikono miwili kama vile zinavunjika. Akatia moja kinywani. Tukaisikia inavyovunjika. Alitafuna akitazama vichaka, na macho yake yakawa mekundu, nikafikiri yameingia mchanga.

"Vipi?" alisema baba. "Mbovu?"

"Bwana Bakari," alisema Revelian. "Kwetu, mgeni akifika, kabla ya maji, kabla ya kuulizwa habari ya njia, mwenye nyumba anampa kahawa ya kutafuna. Kwa mikono yake. Mpangaji hawezi kuitoa. Mgeni hawezi kuitoa. Ni yule mwenye pale mahali tu. Mimi nimekaa Dar es Salaam muda huu wote, nyumba ngapi nimeingia, hakuna aliyenipa. Mnanipa yale maji."

"Sasa maana yake nini?"

"Maana yake huyu mtu yuko kwake."

"Hata kama nyumba haipo?"

"Nyumba itajengwa. Kahawa inatangulia."

Baba alimtazama Revelian, akatazama vituta, akaangalia juu kwenye mwamba. Nilimwona anavyofikiri. Neno la Revelian ndilo la mwisho, alishaahidi, na wakati huo huo kule Temeke kanzu zilikuwa zinanukia vitumbua. Akafungua vifungo vilivyobaki, akavua koti, akanirushia.

"Imeonekana," alisema. "Hapa ni kwao. Shemeji, karibu."

Mwinjuma alikaa chini. Na pengine ingeishia pale, lakini vichaka viliachana akatokea mwanamke mmoja wa Kimbiji, kitenge kakifunga magotini, mkononi ana fimbo ya chuma na kikapu chenye pweza.

"Mmepotea?" alituuliza.

"Shikamoo mama," alisema baba. "Wewe ndiye wa kwao Mwinjuma?"

"Marahaba. Wa kwao nani?"

"Umekuja na chombo gani?"

"Chombo cha nini? Maji yamepwa. Nimekuja kwa miguu."

Tukatoka wote mpaka pwani. Bahari ilikuwa imeondoka. Toka pale tulipo mpaka Kimbiji palikuwa na mchanga mtupu na vidimbwi, na wanawake wengine wawili wanakuja na vikapu wakipiga soga. Ngalawa yetu ilikuwa imelala ubavu, na mzee mwenyewe kalala kivulini mwake.

"Kwa miguu," alisema baba.

"Kila siku," alisema yule mwanamke. "Asubuhi kisiwa, mchana si kisiwa."

"Na mie nimetapika."

"Pole."

Shangazi alimpa yule mwanamke vitumbua, naye akaenda zake, na hapo ndipo Mwinjuma aliposema. Aliongea akitazama miguu yake. Alisema Mwarabu aliyemlea, muuza kahawa wa Kariakoo, alimkuta ghalani bandarini, mtoto wa kutambaa, kalala juu ya magunia ya buni. Yule Mwarabu aliuliza, hakuna aliyemjua. Akasema mtoto huyu kaja na mzigo. Mzigo umetoka wapi, hilo nalo halikujulikana.

"Nikakua nikijipigia hesabu," alisema Mwinjuma. "Nilisikia kahawa humea mlimani. Basi kwetu kuna mlima. Mzigo ulishuka melini. Basi kwetu ni ng'ambo ya maji. Kila nikimimina kikombe, naongeza kidogo. Hapa mie nilipaona wiki ile tu. Bakari, hapa si kwetu. Yote nilibuni."

"Buni tumeshaziona," alisema baba.

"Nasema nilibuni."

"Ndiyo, buni. Umepanda, zimefukuliwa, zimetafunwa, hukumu imetoka. Usiturudishe nyuma."

"Sina kwetu, Bakari."

"Mwinjuma," alisema baba, na safari hii alikuwa amekasirika kweli. "Mie nimetapika toka kule mpaka huku. Nimevaa koti la Keya juani. Mtu hatapiki kwa kwenda mahali ambapo hapapo."

Bwana Revelian, kinywani bado ana kahawa, alisema kwa upande wake yeye hawezi kutema neno alilolitafuna. Mwinjuma akawa anamtazama huyu na kumtazama huyu, kama mtu aliyekwenda kujishtaki akakuta polisi wamefunga. Mwishowe akamgeukia shangazi.

Shangazi alikuwa anapanga vitumbua vilivyobaki kwenye beseni, vile vilivyovunjika upande mmoja.

"Sasa ukifa," alimwambia, "habari zipelekwe wapi?"

"Sijui."

"Basi usife kwanza." Akafunika beseni. "Kaka, ulisema humtoi dada yako kwa mtu ambaye akifa hujui umpelekee nani habari."

"Ndivyo nilivyosema."

"Akifa niletee mie."

Baba alifikiri. Aliliangalia lile neno pande zote kama anavyoangalia mshono, akakosa pa kulichana.

"Haya," alisema.

Tulirudi Kimbiji kwa miguu. Mzee wa ngalawa tulimwacha kivulini kwake, chombo kinangoja maji. Njiani Mwinjuma alitembea nyuma ya shangazi, na shangazi aliporuka kidimbwi yeye alimshika mkono, na alipokwisha kukiruka hakuuachia, na baba akatazama upande wa bahari ambako hakukuwa na kitu.

Harusi ilifanyika kabla ya mfungo. Baba alimshonea bwana harusi kanzu mpya, isiyo na kiraka, na akamkataza kulibeba dele mpaka jioni. Kati ya watu waliofika hakuna aliyeuliza wazee wa Mwinjuma wako wapi, maana baba alikuwa ameshawaeleza barazani, wote, tena na tena: pwani yenyewe, mlima wenyewe, na ile baridi, kwa mbali. Kuhusu mbuni, alisema aliona mtoto wake. Bwana Revelian alisimama upande wa bwana harusi kama ndugu na kugawa buni za kutafuna kwa kila aliyeingia. Wazee wa Temeke walizipokea kwa adabu na kuzitema nyuma ya nyumba.

Shangazi alihamia kwa Mwinjuma, kile chumba cha karibu na soko, na moshi wake akahama nao. Kahawa ikaanza kuuzwa pamoja na vitumbua. Kisiwa kiliendelea pia, ila sasa Mwinjuma akikwama katikati ya habari anageuka nyuma na kuuliza, "Eti mama, ule upande wa mawio tulipanda nini?" na shangazi anamjibu bila kusita, "Karafuu."

Mvua za vuli zilipokwisha wakaja watu wawili kutoka Kimbiji, wametembea, viatu wamevishika mkononi. Nilikuwa pale namsaidia shangazi kukuna nazi. Walibisha hodi, wakakaa, wakanywa kahawa, wakazunguka sana kwa maneno. Mwisho yule mkubwa akasema wamesikia kwa mzee wa ngalawa kwamba Kule kuna mwenyewe, na mwenyewe anakaa Temeke. Wao na baba zao siku zote wamekuwa wakianika dagaa pale bila kumwambia mtu, kwa kutojua. Sasa wamekuja kuomba radhi, na kuomba ruhusa waendelee.

Mwinjuma alibaki na dele hewani. Alifungua kinywa kuwaambia. Niliona kabisa kwamba anataka kuwaambia. Akafunga. Akageuka mlangoni.

"Mama Mbambakofi," aliita, "kuna wageni wanaomba kuanika dagaa."

Shangazi alikuwa anakoroga unga, na hakuacha.

"Waanike," alijibu kutoka uani. "Lakini wakimaliza wafagie."